Kutafuta Bureti, Kutoka Suji Hadi Ugweno

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza nilikuwa wapi siku nne zote hizo na uso umeniungua na nini. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Sasa naandika mara moja, msome kwa zamu, na asiyeridhika aende mwenyewe.

Nilikwenda kutafuta bureti. Kwa ninyi mliosoma sanaa mkafanikiwa maishani, bureti ni bomba jembamba la kioo, refu kama mkono, lenye alama za kupimia ubavuni na koki ndogo chini. Unalijaza asidi, unafungua koki, asidi inadondoka tone kwa tone kwenye chupa iliyo chini, na rangi ikibadilika unafunga. Basi. Sehemu kubwa ya mtihani wa kemia wa vitendo ni kujua tone la kusimamia.

Maabara tunayo, nani asiyejua? Ina masinki sita ambayo hayajawahi kuonja maji, mabomba ya gesi yasiyo na gesi, na mlango mzuri kuliko wa ofisi ya mkuu wa shule. Bureti hatuna. Jumatatu ile mkuu aliniita akaniambia orodha ya masomo ya watahiniwa wa kidato cha nne inaondoka Ijumaa saa tisa alasiri. "Bila bureti, Madam, naiondoa kemia. Siwezi kupeleka watoto kumi na tisa wakapimwe kwa kitu ambacho hawajawahi kukishika." Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Bila kemia hakuna uuguzi, hakuna ufamasia. Mmoja wa hao kumi na tisa ni Nakijwa, ambaye tangu kidato cha kwanza huwapima wenzake presha kwa kamba ya kiatu na kuwapa ushauri mkali kuhusu chumvi. Nilimwangalia dirishani, nikaenda kufungasha.

Suji hadi Makanya

Jumanne alfajiri nilipata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa inateremsha parachichi. Mwenye parachichi, Mama Naelijwa, alikaa kati yangu na dereva, akiwa amekumbatia kikapu kimoja alichosema ni cha wateja wenye adabu. Tuliteremka vizuri kwa kona mbili. Kwenye ya tatu tukakuta msaragambo.

Kwa wasiotoka kwetu: kijiji kikiitwa kwenye kazi ya pamoja, kila mtu anakwenda, na anayepita hapo kazi ikiendelea naye ameitwa, hata kama hajijui. Mvua ilikuwa imekata ukingo wa barabara. Watu kama arobaini walikuwa wanabeba mawe. Mzee mwenye filimbi shingoni alikuja dirishani. Nikampa shikamoo ya heshima kabisa.

"Marahaba. Majembe yale pale."

Nilimweleza kwamba mimi ni mwalimu, niko mbioni, na safari yangu inahusu maendeleo ya sayansi ya taifa zima.

"Taifa nalo linapita hapahapa," akasema. "Na hapa pamekatika."

Nililima kwa saa mbili na nusu nikiwa nimevaa viatu vya ofisini. Dereva alilima. Mama Naelijwa, ambaye umri wake ni mara mbili ya wangu, alibeba mawe kuliko sisi wawili, huku akinihoji ninachokifuata huko chini. Nikamwambia ni kioo cha kupimia asidi. Akauliza kama ndimu zimeisha Suji. Baada ya kazi tulipewa makande ya moto kwenye sahani za bati, mazuri mno kwa mtu aliyekuwa na hasira, na mzee wa filimbi akaniuliza nikirudi nitapita siku gani, ili wajue kama kutakuwa na kazi.

Makanya hadi Same

Makanya mabasi yote yalipita bila kusimama, yamejaa. Nikapanda lori la jasi lililokuwa linakwenda kaskazini. Dereva, kijana anayeitwa Sele, alikuwa mkarimu kupita kiasi: alifungua madirisha yote mawili ili nipate hewa, na jasi nayo ikapata njia. Niliingia Same mweupe kama mtu aliyefufuka na kujutia.

Duka la vifaa vya shule la Same lina kila kitu kinachohitajika kuonekana kama mwanasayansi. Makoti ya maabara, saizi zote. Miwani ya kukinga macho. Picha kubwa ya mwanasayansi mwenye nywele zilizosimama. Mwenye duka, Bwana Hamisi, ni mtu mstaarabu aliyenipa kiti na maji kabla ya kuuliza shida yangu, kisha akasikitika pamoja nami. Bureti anaagiza, zinachukua wiki sita.

"Lakini koti unaondoka nalo leo, Mwalimu. Wenzako wengi huanza na koti."

Kwenye rafu yake kulikuwa na kichupa cha salfeti ya kalsiamu, cha kutoka nje ya nchi, kidogo kama cha manukato. Nikamwambia kwamba hiyo ni jasi, inachimbwa Makanya, na nusu kilo yake iko kwenye nywele zangu. Akaangalia kichupa, akaangalia nywele. Akasema kwa upole kwamba ya kwenye nywele haina lebo.

Kutoka hapo nilikwenda kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu bado natarajia kupandishwa daraja. Nilipokewa vizuri. Ndiyo, wanayo stoo ya vifaa vya sayansi. Ndiyo, bureti zimo, na zinasubiri kugawiwa. Ufunguo anao ofisa mmoja tu, naye yuko semina hadi wiki ijayo. Nikauliza semina ya nini. Dada wa mapokezi alitazama ukutani kwanza, kisha akanijibu: ya matumizi bora ya vifaa vya maabara.

Ni huyo dada aliyenionea huruma. Alinisindikiza hadi nje akaniambia kuna mzee mstaafu pale Lembeni, aliwahi kuwa fundi wa maabara kwenye shule nyingi, anajua kila kioo kilipo katika milima yote hii. "Ila Lembeni ni wilaya nyingine," akaongeza, "kwa hiyo mimi sijakutuma."

Same hadi Lembeni

Nililala kwa shemeji yangu, nikaoga mara mbili, na Jumatano asubuhi nikashuka Lembeni. Nyumba ya mzee haikunipa shida. Ukiuliza Mzee Eliamani, watu wanafikiri. Ukiuliza mume wa Mama wa Mafuta, mtoto yeyote anakuonyesha upande wa reli.

Mama alikuwa barazani akiuza mafuta ya kula ya rejareja. Anapimia silinda ya kioo ya maabara, yenye mistari, halisi kabisa. Mteja akitaka ya kukaangia vitunguu, mama anainama, anaweka jicho sawa na mstari, anasoma chini ya mkunjo wa mafuta kama inavyotakiwa. Nimefundisha miaka saba na sijawahi kuona kifaa cha maabara kikitumika kwa usahihi vile, tena kila siku, bila semina.

Mzee mwenyewe ni mwembamba, msafi, na anazungumza kana kwamba kuna kitu karibu naye kinaweza kumwagika. Nilipotaja bureti alisema yake ya mwisho ilivunjika mwaka aliostaafu. Akaingia ndani akarudi na koki yake, ameifunga kwenye leso, akanionyesha, akairudisha. Kisha akaniambia ziko Ugweno, kwenye shule moja ya juu mlimani, maboksi mazima, kwa Mwalimu Mchome aliyekuwa msaidizi wake zamani.

Nilitaka kuondoka papo hapo. Akanishika mkono.

"Ukienda kuazima, utakuta geti limefungwa na Mchome amekwenda msibani. Namjua. Ngoja."

Akapiga simu kwa mkuu wa shule ile, akiongea kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba waya hauhitajiki. Alisema kesho mgeni wa mambo ya maabara anapanda kutoka Same, wampokee. Mkuu akauliza ni wa mradi gani. Mzee akasema mtandao unasumbua, akakata.

Nikamwambia kwamba amedanganya. Alionekana kuumia kweli.

"Wewe si mgeni? Hutoki Same? Huendi kwa mambo ya maabara? Yaliyobaki watajaza wenyewe."

Ningeweza kupiga simu nyingine na kuweka mambo sawa. Nawaambia wazi kwamba sikupiga. Nilikuwa nawafikiria wale kumi na tisa, na nilikuwa nafikiria pia kwamba leo ni Jumatano.

Mwanga hadi Ugweno

Alhamisi nilianzia Mwanga kwa perege wa kukaanga wa bwawa la Nyumba ya Mungu, mkubwa kuliko sahani, kwa sababu sikujua kama ningepewa chakula huko juu. Msicheke, mtaona.

Pikipiki ilinipandisha kwenye ukungu hadi tairi la nyuma likaisha upepo. Dereva wangu hakuwa na pampu. Tulikaa kwenye jiwe zaidi ya saa moja, tukiangalia mahali ambapo alisema kungekuwa na Ziwa Jipe kama tungeweza kuliona. Hatimaye mwenzake akateremka, wakaazimana pampu, wakataniana kuhusu uzito wa abiria bila kunitazama, tukaendelea.

Getini kulikuwa na mistari miwili ya wanafunzi. Walianza kupiga makofi kabla sijavua helmeti.

Mnajua mambo haya, mmeyaandaa wenyewe mara nyingi. Viti vya plastiki vyeupe, kimoja chenye foronya. Meza yenye kitambaa, ua la plastiki, na soda yenye mrija uliosimama. Mkuu wa shule katika suti. Mwenyekiti wa kijiji, mama mtu mzima mwenye kitenge na sauti ya kuita ng'ombe. Nikapelekwa moja kwa moja mezani, kwa sababu mgeni hahutubiwi akiwa na njaa: kuku mzima, ndizi, maharage, wali. Nikiwa na perege mzima tumboni, nilikula kama adhabu, na nilistahili.

Kisha risala. Aliisoma binti wa kidato cha nne, kwa sauti isiyotetereka. Walinishukuru kwa kuacha majukumu yangu mazito. Walieleza kwamba wazazi wao walijenga maabara kwa mikono yao, tofali kwa tofali. Wakaomba hadubini, projekta, uzio, usafiri wa kuaminika, na, kama itanipendeza, bureti hata moja, kwa kuwa hawajawahi kuiona.

Nyuma ya binti huyo kulikuwa na mlango wa maabara, umezibwa na utepe. Utepe ulikuwa mwekundu zamani. Sasa ulikuwa na rangi ya chapati. Pembeni ya mlango alisimama Mwalimu Mchome, mfupi, ndevu nyeupe, na ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi.

Nilielewa mambo mawili kwa pamoja. Bureti walizokuwa wananiomba zilikuwa hatua ishirini kutoka pale walipokuwa wameketi. Na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuingia kwa sababu maabara haijazinduliwa. Kiongozi aliyeahidi kuja kukata utepe aliahirisha, kisha akaahirisha, kisha akahamishwa, na nani angethubutu kukata utepe wa mtu? Sisi watu wa milima hii tunaweza kujenga chochote kwa mikono yetu, ila kufungua tunasubiri mkubwa apande kutoka chini.

Nikasimama kujibu risala. Nikawaambia ukweli: mimi si wa mradi, ni mwalimu wa kemia kutoka Suji, sina hata bureti moja, nimekuja kuazima. Nikaomba radhi kwa kuku.

Mkuu wa shule akalegeza tai. Binti wa risala akakunja karatasi yake mara nne, polepole, na hicho ndicho kitu pekee katika safari nzima ambacho sitaki kukifanyia mzaha.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza.

"Kuku ameliwa, hajaliwa?"

Mkuu akakubali kwamba ameliwa.

"Basi hawezi kurudi bandani. Aliyekula kuku wa mgeni rasmi ndiye mgeni rasmi. Tumengoja wakubwa mpaka utepe umeoza. Mwalimu, njoo ukate."

Mkasi haukupatikana. Nilikata utepe kwa kisu cha jikoni, kikiwa bado na mafuta, watu wakapiga vigelegele, na maabara ya watu ikazinduliwa rasmi na mkopaji.

Ndani kulikuwa na harufu ya saruji. Kwenye ubao Mwalimu Mchome alikuwa amechora bureti kwa rangi ya mafuta, mahali ambapo mtu angeweza kuiona vizuri kupitia dirishani: nzuri ajabu, alama zote, koki, hata tone moja linaning'inia. Chini ya ubao, maboksi ya vioo na ya kemikali. Gundi ya kiwandani haijaguswa.

"Tangu nikabidhiwe, Madam," alisema, "hakijavunjika hata kimoja."

"Wanafunzi wamewahi kuvitumia?"

"Ndiyo maana hakijavunjika."

Hakusema kwa mzaha. Mtu huyu alikuwa amelinda vioo vya kijiji kizima kwa miaka, kwa woga wa siku atakayoulizwa kimoja kiko wapi. Nilimwomba aanze yeye. Akaijaza bureti asidi polepole. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajashika bureti tangu alipokuwa msaidizi wa Mzee Eliamani. Wanafunzi walibanana mezani. Akafungua koki. Matone yakaanza. Alipofika karibu, alipunguza mpaka tone likawa linakaa, linafikiri, ndipo linaanguka, na rangi ya manjano ilipogeuka chungwa alifunga papo hapo, sijawahi kuona mkono mzuri kama ule. Aliondoka pale mezani akampisha binti wa risala.

Maboksi yalikuwa na bureti kumi na mbili. Jioni alinifungia nne ndani ya sweta lake mwenyewe, akalifunga mikono kama mtu anayefunga mtoto mgongoni.

"Ikivunjika, uniambie wewe. Nisije kusikia kwa watu."

Kurudi

Ijumaa asubuhi, basi kutoka Mwanga. Kondakta alitaka kuweka sweta kwenye buti. Nilikataa kwa ukali ambao uliwafanya abiria wote waelewe kwamba nimebeba mtoto. Mama wa kiti cha pembeni alisafiri nami hadi Same akinisifia utulivu wa huyo mtoto. Tulipopita Same akapata wasiwasi, akauliza mbona hajalia hata mara moja. Nikasema amelala. Akashauri nimfunue apate hewa, kisha akanyoosha mkono amfunue mwenyewe, na yaliyofuata yalihitaji maelezo marefu ya kemia hadi Makanya. Aliyapokea vibaya.

Kwenye kona ya tatu mzee wa filimbi alikuwepo, barabara imekamilika, ameketi anaikagua. Alinipungia kwa masikitiko ya mtu aliyekosa kibarua mzuri.

Nilifika shuleni saa nane na nusu. Mkuu alikuwa ofisini, orodha mezani, kalamu mkononi, na kwenye safu ya kemia hakukuwa na kitu. Nikamwambia aje maabara. Akasema anaamini. Nikasema asiamini, aje.

Nakijwa alikuwa wa kwanza. Alishika koki kama anavyoshika kamba yake ya kiatu, kwa mamlaka isiyo na msingi. Akaifungua sana. Rangi ikaruka kutoka manjano hadi nyekundu kama nyanya.

"Ndiyo rangi yenyewe?" mkuu akauliza.

"Hapana. Amepitiliza, na kwa mbali."

Nakijwa alimwaga, akasuuza, akajaza upya bila kuambiwa. Mara ya pili alizidisha kidogo. Ya tatu alifunga koki huku amezuia pumzi, na rangi ikabaki chungwa. Mkuu wa shule aliitazama ile chupa muda mrefu, akaomba aishike. Kisha akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akaweka orodha juu ya goti, akajaza kemia kwa majina yote kumi na tisa, moja moja, wakati watoto wanahesabu kwa sauti. Ilikuwa bado dakika tano kufika saa tisa.

Ile bureti moja iliyovunjika niliivunja mimi. Nilikuwa naiosha, mbele ya darasa, nikimalizia nasaha kuhusu uangalifu. Sikuruhusu mtu acheke, nao hawakutii.

Jioni nilimwandikia Mwalimu Mchome. Nilifuta mara tatu, mwisho nikatuma bila kupamba: imevunjika moja, nimeivunja mwenyewe, nitailipa. Muda wa chakula ulipita, nami sikula. Ndipo jibu likaja.

"Pole Madam. Huku tumevunja mbili. Watoto wanaendelea."